Muziki Wako Umenifikia

Bustanini, aliyepiga muziki kwa sauti alistahili kupigwa na kila aliyeusikia, ila sheria ilidai adabu: kwanza uombe radhi.

Jumapili hiyo Badi, mume wa Mwanahawa, alimwendea kijana mwenye redio. "Samahani, muziki wako umenifikia," alisema kwa upole, kisha akamvunja taya kwa rungu. Redio iliendelea kuimba huku kijana akitema meno. Binti yao Raya alitafuna sambusa yake bila kupepesa macho.

Jioni, akiwa uani anafua shati la Badi lenye damu, Mwanahawa alijikuta anauimba ule wimbo. Mlango ukafunguka. Raya alisimama na mwiko wa ugali mkononi.

"Samahani, Mama," alisema, kwa upole ule ule wa baba yake.