Kura ya Bi Mwanahawa

Sheria ya siku hizi haimnyang'anyi marehemu kura yake nyumbani. Sauti yake hukaa kwenye kisanduku ukutani, ikaamua pamoja na walio hai. Mvua ilikuwa haijakatika wiki nzima. Mbaruku alitaka waende likizo Lushoto, mkewe Zaina hakutaka. Kura zikawa sare, wakamgeukia Bi Mwanahawa, marehemu mama yake Mbaruku, kwenye kisanduku chake.

"Mama, barabara imejaa maji," Zaina alisema.

"Kwani wewe chumvi, mwanangu, useme utayeyuka?" Kisanduku kilicheka. "Twendeni."

Sauti hiyo ilinaswa kabla ya masika yaliyopita, kabla mto haujalizoa gari lake kwenye barabara hiyo hiyo. Hakuna aliyepata moyo wa kumwambia kuwa alikufa. Zaina alimtazama mumewe. Mumewe akatazama sakafu.

"Haya, mama," Zaina akasema, akaenda kukunja nguo za watoto.