Usinibanie Ndizi

Verna alitumbukiza ndizi kwenye blenda, akaongeza machungwa na mchicha, akabonyeza kitufe. Mashine ikanguruma mpaka vioo vya dirisha vilivyoganda barafu vikatetemeka.

"Usinibanie ndizi, bibie," Harlan alisema kutoka kitini.

Akamwongezea. Jamani, mke gani angembania? Mwanamume aliyekuwa akibeba ndama begani sasa alibaki mifupa na ngozi. Nyama hataki, mkate hataki, lakini smuthi aliipokea kwa mikono miwili na povu akalilamba. Wenzake Verna kanisani walimpongeza: tunda ni dawa, asiyeweza kutafuna na anywe.

Figo za Harlan zilikufa tangu msimu wa mavuno. Kila baada ya siku mbili Verna alimwendesha mjini kusafishwa damu, kisha akamsubiri garini, hita ikiwaka. Harlan hakutaka aingie. Alisema mke hana haja ya kumwona mumewe amefungwa mipira ya mashine kama ng'ombe anayekamuliwa. Akitoka hoi, Verna alikuwa akimuuliza mumewe daktari kasemaje kuhusu chakula. Jibu halikubadilika: matunda, na ndizi zaidi.

Safari moja, walipofika kwenye mashamba, Harlan aliyatazama yalivyofunikwa na theluji.

"Nimeichoka ile mashine ya kusafisha damu, Verna. Wewe sijakuchoka. Ulijue hilo."

Verna alimkemea aache maneno ya kukata tamaa. Akasimamisha gari dukani, akanunua ndizi za wiki nzima.

Asubuhi ya pili yake moyo wa Harlan ulisimama, glasi tupu bado mkononi. Wahudumu wa gari la wagonjwa walimkandamiza kifua, wakashindwa.

Colleen, muuguzi aliyekuwa akimsafisha damu, alikuja nyumbani kutoa pole. Akamshika Verna mkono, akauliza kwa upole marehemu alikuwa anakula nini siku za mwisho. Machozi yalimtiririka Verna, lakini hapo alijisikia fahari kidogo. Alisema mumewe hakushinda njaa hata siku moja. Kila asubuhi alikunywa smuthi ya ndizi na machungwa, kama madaktari walivyoagiza wenyewe.

Colleen akauachia ule mkono.

"Ndizi, mama? Hicho ndicho kitu cha kwanza tulichomkataza. Kwa figo zake, ndizi zinasimamisha moyo. Na kila alipokuja tulimuuliza, akatuapia kwamba kwenu haziingii."