Kishimo Kilichogeuka Buluu

"Twaiba, kimbia dukani kwa Boga ukanunue buluu."

"Buluu ya kufulia, Daktari?"

"Hiyo hiyo! Upite mlango wa nyuma, utie tone kwenye kishimo chochote. Mgeni ameshafika!"

Daktari Mulinge alikuwa ameshikwa pabaya. Kwa miaka miwili hapo Msambweni alikuwa akitafuta protini moja tu: ile iliyo juu ya chembe ya damu, ambayo kijidudu cha malaria huishika kabla ya kuingia. Alitia protini mbilimbili katika vishimo vya sahani ya plastiki, moja ya kijidudu, moja ya damu. Zikishikana, maji hugeuka buluu. Hayakugeuka hata siku moja. Asubuhi hii, kwa kukata tamaa, alizimimina ovyo, bila kuandika ipi imeingia wapi.

Na Bwana Ndeti katoka Nairobi kuja kukagua. Asipoona buluu leo, maabara inafungwa. Mfa maji haachi kutapatapa.

Mulinge alimkalisha mgeni barazani, akampa madafu, akamsimulia mvua zote za El Nino, hata zile ambazo hazikunyesha.

"Daktari," Ndeti akasema mwishowe, "nimekuja kuona sahani."

Mlangoni mwa maabara walimkuta Twaiba, msaidizi wa maabara, anahema.

"Shikamoo, baba. Daktari, nina neno kidogo..."

"Baadaye, dada!" Mulinge akamkonyeza.

Ndeti akainamia sahani. Mulinge hakuthubutu kuitazama. Macho yake yalikuwa usoni mwa mgeni.

"Ala! Kimoja kimegeuka!"

Twaiba alifumbua kinywa. Mulinge akamkanyaga mguu.

"Alhamdulillahi," akasema Mulinge, naye ni mzee wa kanisa.

Ndeti alimpa mkono, akaahidi maabara itaendelea, akaondoka kuwahi feri.

Gari halijafika barabarani, Mulinge alishainyakua sahani. Hakuangalia hata ni kishimo kipi. Aliimwaga yote kwenye sinki, akaisugua kwa sabuni mpaka ikang'aa.

"Ushahidi kwisha!" Alicheka hadi machozi. "Dada, Mungu akuzidishie! Umeitia vizuri mpaka mimi mwenyewe nimeogopa."

Twaiba hakucheka. Alikuwa akiyatazama maji yakiishia shimoni.

"Daktari, ndilo neno nililotaka kukwambia. Leo Ijumaa. Boga yuko msikitini, duka limefungwa. Buluu sikuipata."