Zawadi ya Mfanyakazi Bora

Katika ofisi ya Chui, kila aliyemaliza kazi mapema alipewa pointi, na Swala alijituma mpaka akawapita wote. Mwisho wa mwezi Chui akatangaza, "Hongera, Swala! Umeshinda chakula cha mchana nyumbani kwangu."

"Ahsante, bosi. Nije na nini?"

"Wewe tu unatosha," Chui akajibu, akiramba midomo.

Swala akaelewa, akafikiri haraka. "Basi pointi zangu zote nampa Nungunungu. Maskini, hajawahi kushinda chochote."

Wenzake wakashangilia, na Chui akaona haya kukataa.

Jumatatu Nungunungu alifika akilalamika kwamba hakupewa hata maji. Chui naye aliingia na miiba mdomoni, akatamka kwa shida, "Kuanzia leo, mshindi atapewa cheti."