Bendi Isiyochoka

Bendi ya tatu nayo ikakataliwa. Ilipiga fidla mpaka kahawa ikapoa mikononi mwa kamati ya dansi, lakini ilimaliza mapema, na kwa Bi Thirza Colburn, mwanakamati mkongwe, kumaliza mapema ni sawa na kutopiga kabisa.

"Bi Thirza, wachezaji nao ni binadamu," alilalamika Dwight, mwenyekiti wa kamati. "Unataka tuwazike?"

"Nataka bendi isiyochoka. Na iwe Jumamosi hii."

Wanakamati wakakonyezana. Kijiji chetu cha Vermont hakina siri. Katika dansi yetu ya mistari, kila wimbo unaporudiwa, mchezaji husogea na kumzungusha mtu mpya. Walioanza juu wanateremka, wa chini wanapanda. Thirza husimama juu kabisa. Merle Tuttle, mgane anayeshinda mashindano ya pai za tufaha kila mwaka, Thirza akiwa wa pili, huja amechelewa, mikono ingali na unga, akasimama chini kabisa. Wakati wa mapumziko hujificha nje. Akimwona Thirza anamjia, mguu niponye. Na kila Jumamosi muziki hukatika wakiwa wamebaki kidogo tu wakutane.

Jumapili yangekuwa maonyesho ya mavuno na mashindano ya pai, kisha ukumbi ufungwe hadi theluji iyeyuke. Kamati ikaona huruma. Penzi la uzeeni halingojei masika. Wakaajiri ndugu watatu wapasua mbao, wapigaji wabovu kupindukia, ila wana pumzi za maksai.

Jumamosi wakapiga. Mwita hatua, anayewaongoza wachezaji kwa sauti, alipoinua mkono kuwasimamisha, walikuwa wameshaagizwa wamgeuzie mgongo. Watu wakalowa jasho. Mzee mmoja alivua viatu, akaendelea. Hakuna aliyenung'unika, maana macho yote yalikuwa kwa Thirza akiteremka na Merle akipanda. Merle alitazama mlango, lakini anayetoka katikati ya mstari anawaharibia wote, na kwetu aibu hiyo mtu huzikwa nayo. Akapanda, uso umempauka.

Wakakutana. Thirza akamshika kwa nguvu, wakazunguka. Akalaza kichwa kifuani pa Merle, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Dwight alikuwa anatafuta leso.

"Iliki," alisema Bi Thirza, akamwachia mikono. "Miaka yote hii, Merle, kumbe kwenye pai unatia iliki."