Macho ya Salha

Daktari alipowaambia kwamba mtoto wao Sefu ana usonji, Mwanaidi na mumewe Kombo walikubaliana kwamba mdogo wake Sefu, Salha, hatachanjwa. Walihofu kuwa sindano ndizo zilizomfunga Sefu ulimi.

Sasa Salha alikuwa amelazwa, mwili umejaa vipele vya surua, anapumua kwa shida.

"Usonji hauletwi na chanjo, baba," muuguzi alisema taratibu. "Hamkuambiwa?"

"Tuliambiwa," Kombo alijibu. "Hatukuamini."

Mwanaidi alichovya kitambaa katika maji ya vuguvugu, akampangusa mwanawe macho yaliyogandamana kwa matongotongo, mpaka yakafumbuka. Akapitisha kidole mbele yake, kushoto, kisha kulia. Macho hayakukifuata.

"Anakuona?" Kombo aliuliza.

Mwanaidi akakichovya tena kitambaa, akaendelea kupangusa.