Kiota Bora cha Darasa

Kwera, wale ndege wanaosuka viota, walikuwa na shule yao, na shule hiyo ilikuwa na Mwalimu Tunu, asiyeamini somo lolote ambalo mtoto hajalishika kwa mdomo wake. Siku moja aliwaambia wanafunzi, "Kesho kila mmoja alete kiota alichosuka mwenyewe, na kilicho bora kitapata zawadi. Wazazi wasiguse hata unyasi mmoja."

Kesho yake viota vilikuja vizuri ajabu, vimekazwa barabara. Nyuma yake wakaja wazazi, macho mekundu kwa kukesha, vipande vya nyasi vimewaganda midomoni.

"Mwanangu ana kipaji, Mwalimu," alisema mama mmoja huku akipiga miayo.

Mwalimu alikuwa amekwisha kukata tamaa alipokiona cha Siwema. Kilikuwa kimepinda upande na kutoboka chini. Yai likiwekwa ndani linapita moja kwa moja. Roho yake ikatulia kwatu.

"Hatimaye, kazi ya mtoto! Zawadi ni ya Siwema!"

Siwema akainamisha kichwa. "Samahani, Mwalimu. Hiki amekisuka baba. Mimi alinikataza nisiguse, eti nitaharibu."

"Baba yako? Kwera mzima anasuka hivi?"

"Ndipo ujuzi wake ulipoishia, Mwalimu. Anasema alipokuwa shule, bibi ndiye aliyekuwa akimsukia."

Mwalimu Tunu alimtazama yule baba aliyejibanza nyuma ya wenzake, akamkumbuka. Alikuwa mwanafunzi wake, tena yule hodari, aliyepokea kwake zawadi ya kiota bora kila mwaka.